Hulka ya Mtu na Mzigo Wake: Maisha ya Hayati Edward Moringe Sokoine

Ndugu msomaji, ukisimama penye Mnara wa Saa katika jiji la Arusha, na Mlima Meru ukiwa kaskazini yako, utaiona barabara iendayo magharibi kati ya maduka na magari mengi. Jina lake ni Barabara ya Sokoine. Ukiifuata hadi nje ya jiji, kisha ukashika njia kuu ya Dodoma, utakuta mkono wa kulia njia ipandayo Monduli. Huko ndiko alikozaliwa Edward Moringe Sokoine tarehe 1 Agosti 1938, na huko ndiko alikozikwa. Habari za uongozi wake zimeandikwa mara nyingi. Leo napenda tumtazame kama mwanadamu aliyejaliwa hulka ya namna fulani, tuone hulka ile ilimtendea nini yeye mwenyewe, na iliwatendea nini waliokuwa chini yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hulka ni yale maelekeo ya nafsi yanayomfanya mtu atende kwa namna moja leo, kesho na mwakani. Wataalamu wa elimu ya nafsi wa siku hizi huyapima kwa mafungu matano: kupokea mambo mapya, kushika wajibu, kuchangamka mbele za watu, kuwa mpole kwao, na wepesi wa kufadhaika. Karibu nusu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika mambo haya huhusiana na urithi wa damu. Iliyobaki hutokana na maisha. Na kabla yao, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja. Alizieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa maradhi yenye dawa zake, na akamshauri mtu aijue nguvu ya nafsi yake kabla ya kujitwika mambo. Shauri hili la mwisho tulishike, maana tutalihitaji.

Sokoine alilelewa katika jamii ya Wamaasai, ambayo humfundisha mtoto tangu akiwa mdogo kile wanachokiita enkanyit, yaani heshima: kujizuia, kuwatii wakubwa, kutolalamika. Alisoma Monduli, kisha Umbwe chini ya Kilimanjaro, akamaliza mwaka 1958. Baada ya kusomea utawala Ujerumani Magharibi, alirudi kuwatumikia watu wake, na mwaka 1965 akachaguliwa kuwa Mbunge. Akawa Naibu Waziri mwaka 1967, mwaka ule ule lilipotolewa Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Viongozi wengi walilipokea Azimio lile kama kiatu kinachobana. Kwa Sokoine, naona, kiatu kilikuwa cha kipimo chake. Mtu ambaye hulka yake ni kushika wajibu haoni taabu pale anapokatazwa asichokitamani.

Mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi, na Februari 1977 Waziri Mkuu, akiwa bado hajatimiza miaka 39. Tazama sasa mzigo uliomngojea. Mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake pale pale Arusha, ilivunjika. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na taifa zima likaingia vitani hadi mwaka 1979. Bei ya mafuta ikapanda, hazina ikakauka, sabuni na sukari vikaadimika madukani. Wengi waliomfahamu wamemweleza kuwa mtu wa maneno machache, mwenye kufanya kazi hadi usiku, asiyeridhika na taarifa ya karatasi mpaka amekwenda mwenyewe kuona.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Je, hulka kama hii huilinda afya au huila? Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwafuatilia watoto wapatao 1,500 wa California. Miaka 70 hivi baadaye wachunguzi wengine waliyarudia maandishi yake, wakakuta kwamba walioonekana utotoni kuwa waangalifu na wenye kutimiza wajibu waliishi muda mrefu kuliko wenzao, na kwamba wachangamfu wenye mizaha hawakuwashinda kwa hilo. Basi kushika wajibu ni ngao. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko afanyaye kazi saa 35 hadi 40. Na ni nani, ndugu msomaji, apendaye kufanya saa zile 55 bila kulazimishwa? Mara nyingi ni yule yule mwangalifu. Ngao ikiwa nzito mno humchosha aibebaye.

Tarehe 7 Novemba 1980 Sokoine aliuacha uwaziri mkuu kwa sababu za afya, na nafasi yake ikashikwa na Cleopa Msuya. Alikuwa na miaka 42. Katika bara ambalo wakuu wengi hung'oka vitini kwa mtutu wa bunduki au kwa jeneza, huyu aliinuka mwenyewe. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa haraka, kama ukurasa mtupu katikati ya kitabu. Mimi naliona kuwa jambo kubwa katika maisha yake. Kwa mtu wa hulka ile, kubeba ni rahisi kuliko kutua. Nafsi yake humshitaki anapopumzika, hata mwili ukiwa umekwisha kumwambia basi. Aliyelelewa kutolalamika alikubali mbele ya taifa kwamba hana nguvu za kuendelea. Hilo ndilo shauri la al-Balkhi.

Februari 1983 alirudi katika kazi ile ile, na nchi ilikuwa katika dhiki kubwa zaidi. Mwezi wa Machi ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Bidhaa zilizofichwa zikafukuliwa maghalani, na wengine wakazitupa usiku kwa hofu. Wananchi wengi walifurahi, maana mama aliyepanga foleni tangu alfajiri kutafuta sabuni alimwona hatimaye mkubwa anayemkasirikia aliyeificha. Lakini haki yataka tuseme upande wa pili pia. Sheria iliyotungwa mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na haki ya kuwa na wakili, na mwaka uliofuata ikabidi iondolewe na kuwekwa nyingine. Mtu asiyejihurumia mwenyewe huweza kusahau kwamba wengine wanahitaji huruma. Sisemi hivi kumshusha hayati. Nimewahi kuwa mwalimu mkali, nami nakumbuka nyuso za wanafunzi niliowaadhibu kabla ya kuwauliza.

Ni haki pia kusema kwamba ukali ule haukuwa ukaidi. Mabasi ya umma yaliposhindwa kuwabeba watu wa Dar es Salaam, serikali iliruhusu mwaka ule ule wa 1983 mabasi ya watu binafsi, jambo lililokuwa gumu kumeza katika siasa ya siku zile. Nauli ilikuwa shilingi tano, nayo sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Basi kila apandaye daladala leo, iwe Kariakoo au Ngaramtoni chini ya Mlima Meru, amepanda kitu kilichozaliwa katika uwaziri wa mtu aliyehesabiwa kuwa mgumu kuliko wote.

Tarehe 12 Aprili 1984, akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake liligongana na jingine penye Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki. Rais Nyerere mwenyewe alilitangazia taifa habari ile katika redio, na waliosikia hawajaisahau sauti yake. Miaka 45 tu. Umri ambao mimi niandikaye haya ninao sasa. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake mwaka ule ule. Mwili wake ulirudishwa Monduli, katika vilima ambako, mawingu yakifunguka asubuhi, Mlima Meru huonekana mashariki, nao wazee waliomfunza enkanyit wakasimama kaburini pamoja na mawaziri.