Mwalimu Julius K. Nyerere: Imani Iliyoandaliwa Kabla ya Majaribu

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hakuwa Mlutheri. Aliishi na kufa akiwa Mkatoliki. Hata hivyo, historia ya Ukristo katika Mkoa wa Mara haiwezi kuandikwa kwa haki bila yeye kutajwa, kwa kuwa maisha yake yanafundisha jambo linalotuhusu sote: imani inayosimama siku ya majaribu ni ile iliyoandaliwa katika siku za utulivu.

Msafiri atokaye Bunda kuelekea Musoma, akichepuka kulia pale Makutano, hufika Butiama. Hapo ndipo alipozaliwa Kambarage mwezi Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya, aliyekuwa mke wa tano kati ya wake 22. Jina lake lilikuwa la mzimu wa mvua. Hakuzaliwa, basi, katika nyumba ya Kikristo, wala imani hakuirithi, ilimpasa kuitafuta.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Huko alianza kuhudhuria mafundisho ya dini pamoja na wenzake, na mwaka 1937 aliendelea na masomo Tabora. Ubatizo haukuja upesi. Baba yake alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943 kijana huyo alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Alikuwa na miaka 21. Miaka hiyo ya kungoja haikupotea bure. Alipoingia katika maji ya ubatizo alikwisha kujua anachokiamini, na kwa nini anakiamini.

Katika Chuo cha Makerere, Uganda, alijishughulisha na maisha ya kiroho ya wanafunzi wenzake, wakafanya mafungo na kuhiji Namugongo, mahali walipochomwa moto mashahidi wa Uganda mwaka 1886. Vijana wale wa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana, hawakujifunza kusali walipouona moto. Walikuwa wamejifunza mapema.

Jaribu lake lilimjia kwa njia nyingine. Alikwisha kufunga ndoa na Mama Maria mwaka 1953, naye alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Pugu. Baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954, ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu, uliokuwa na mshahara wa hakika, na siasa, isiyokuwa na hakika yoyote. Mwaka 1955 alijiuzulu, akarudi nyumbani na familia yake changa. Katika miezi hiyo ya upungufu aliwafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, akawasaidia kutafsiri mafundisho ya dini. Aliyepoteza kazi hakuliacha Neno. Alilitumikia katika lugha ya mama yake.

Majaribu makubwa zaidi yalikuja pamoja na madaraka. Mwaka 1958 alitozwa faini ya shilingi 3,000 katika kesi ya kashfa. Januari 1964 askari waliasi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera na nchi ikaingia vitani. Katika miaka hiyo yote hakuiacha desturi ya kwenda misa asubuhi, kama mwumini mmoja miongoni mwa wengine.

Haifai kumchora kama mtu asiye na doa. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962 chini ya chama chake, akaitumia alipokuwa Rais. Na katika kuhamia vijijini miaka ya 1970 wananchi wengi walihamishwa kwa nguvu. Yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kwa mwenye cheo, kukiri kosa ni jaribu zito, na anayelishinda ni yule aliyezoea kupiga magoti.

Aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Huko aliziweka Injili na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili, kazi iliyochapishwa mwaka 1996. Saratani ya damu ilipomshika, alizidi kuhangaikia amani ya Burundi kadiri nguvu zilivyomruhusu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Kanisa la Kilutheri halina desturi ya kuwaomba watakatifu, lakini linamshukuru Mungu kwa ajili yao na kujifunza imani kwao. Mtoto wa kipaimara anayekariri Katekisimu Ndogo ya Luther, katika Musoma, Bunda au Butiama, huenda akaiona kazi hiyo kuwa ndogo na ya kuchosha. Na ajue kwamba siku ya kufiwa, ya ugonjwa, ya kukosa kazi au ya kupewa cheo haitamwachia nafasi ya kuanza kujifunza. Nyumba hujengwa juu ya mwamba kabla mvua haijanyesha.