Gregor Mendel, mtawa aliyehesabu njegere

Hapa Bagira mama akizaa mtoto albino, hutokea wakwe wakaanza kuuliza mtoto huyo katoka wapi. Aliyenisaidia kuwajibu si mwalimu wangu wa theolojia. Ni mtawa Mkatoliki aliyefariki tarehe 6 Januari 1884.

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, leo kiko nchini Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima, na masomo yalikaribia kukatika kwa kukosa pesa. Dada yake mdogo Theresia akatoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ndoa yake (kule ilitoka kwa wazazi wa binti, si kama kwetu). Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Brno, akapewa jina Gregor. Mtihani wa ualimu wa mwaka 1850 ulimshinda.

Kati ya 1856 na 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, mimea kama 28,000. Alichukua aina yenye mbegu za manjano tupu, akaichanganya na ya kijani, akihamisha chavua kwa mkono toka ua hadi ua. Watoto wote wakawa manjano. Alipowaacha wajizalishe wenyewe, kijani ikarudi: mbegu 6,022 za manjano, 2,001 za kijani. Yaani tatu kwa moja. Akaelewa kwamba kila mmea hubeba mafungu mawili ya kila sifa, moja toka kwa kila mzazi. Manjano hutawala, kijani hujificha, lakini haipotei. Ukitaka kujua siri ya mmea wa manjano, uchanganye na wa kijani: watoto wakigawanyika nusu kwa nusu, ule wa manjano ulibeba kijani.

Ualbino hurithiwa vivyo hivyo. Baba na mama weusi, kila mmoja akiwa na fungu moja lililojificha, wanaweza kupata mtoto albino. Kwa kila mimba uwezekano ni mmoja kwa nne. Mtoto huyo hamshitaki mama yake. Anaonyesha kwamba na baba alibeba.

Mendel aliyasoma matokeo yake mbele ya wasomi wa Brno mwaka 1865, yakachapishwa mwaka uliofuata, na karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1868 akawa mkuu wa monasteri, na nguvu zake zikaishia katika ugomvi wa kodi na serikali. Wataalamu wengine walifikia matokeo yale yale mwaka 1900, wakakuta ametangulia. Alikuwa kaburini miaka 16.