Chuma, Mnyapara Aliyepita Nchini Kwetu

Ndugu Mhariri ameniomba nichangie makala katika toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, akanisihi nisiandike tena habari za bwenini na za maharage ya miaka ile, maana wenzangu wameziandika vya kutosha. Nimetii. Badala yake nitasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki Unguja mwaka 1882. Jina lake wengi wetu tulilisoma mara moja tu katika kitabu cha historia, kisha tukalipita kama msafiri apitavyo jiwe la kando ya njia.

Nimemchagua kwa sababu ya swali. Baada ya kuhitimu ualimu nilirudi hapa shuleni kufundisha historia, kwenye madawati yale yale niliyoyakalia. Siku moja nilikuwa nawaeleza vijana wa Kidato cha Pili jinsi maiti ya Daktari Livingstone ilivyotolewa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Kijana wa safu ya nyuma akasimama akauliza ni nani walioibeba. Nikamjibu kuwa ni watumishi wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao. Akauliza tena: baada ya kufika pwani, watu hao walikwenda wapi, na waliishije? Nilitazama saa yangu, nikasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa bado na dakika kumi. Makala haya ni jibu la swali lile, ingawa limechelewa sana.

UTUMWANI

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850. Angali mtoto alikamatwa akauzwa, akajikuta katika msafara wa watumwa uliokuwa ukiteremka nchi ya mto Shire, katika Malawi ya leo. Mwezi Julai 1861 msafara huo ulikutana na Livingstone na Askofu Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Walinzi walikimbia, makongwa yakakatwa, na watu 84 wakaachwa huru. Chuma alikuwa mmoja wao.

Vijana wetu wasidhani kwamba shida ziliishia hapo. Wale walioachwa huru waliwekwa Magomero pamoja na wamisionari, na huko njaa na magonjwa viliua wengi. Askofu mwenyewe alifariki mwezi Januari 1862. Mwaka 1864 Livingstone aliivusha bahari meli yake ndogo iliyoitwa Lady Nyassa, kutoka Unguja hadi Bombay, safari ya siku 45 hivi. Ndani yake walikuwamo Chuma na mwenzake Wekotani. Walikuwamo pia Susi na Amoda, watu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. Wale vijana wawili wakaachwa Bombay katika shule ya misheni ya Waskoti, na Desemba 1865 Chuma akabatizwa kwa jina la James.

Tazameni basi: kijana wa miaka kumi na mitano hivi, ameshauzwa, ameshakombolewa, amevuka Bahari ya Hindi, anajua Kiyao, Kiswahili na Kiingereza. Wakati huo Wazungu wengi waliojiita wasafiri wa Afrika walikuwa hawajaondoka kwao.

SAFARI YA MAITI

Mwezi Machi 1866 Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, na Chuma alikuwa naye. Wengi walioanza safari ile walitoroka, walifukuzwa, au walikufa. Hata Chuma hakuwa malaika. Mwaka 1868, njia ya kwenda ziwa Bangweulu ilipozidi ugumu, yeye na wengine waligoma kwenda mbele. Baadaye walirudi wakapokewa. Naitaja habari hii makusudi, kwa kuwa vitabu vya zamani vilipenda kumchora kama mbwa mwaminifu asiye na hiari. La, alikuwa mtu mwenye akili yake: alijua kukataa, na alipobaki, alibaki kwa kuamua.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Kati ya watu wa tangu mwanzo walikuwa wamebaki watano tu: Susi, Chuma, Amoda, Mabruki na Gardner. Wengine, yapata hamsini na kitu, walikuwa wametumwa kutoka pwani mwaka 1872. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika hapo hapo, wakagawana nguo na shanga zilizobaki, kila mtu akashika njia yake. Waliketi wakafanya shauri, wakaamua kuipeleka maiti pwani, na Susi na Chuma wakawa viongozi.

Kazi iligawanywa kwa busara. Farijala, aliyepata kumtumikia daktari huko Unguja, aliupasua mwili. Moyo ukazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesoma India, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14, ukaviringishwa kwa kitambaa, kwa gome la mti na kwa turubai. Walikuwamo wanawake pia, Halima na Ntaoeka, waliotembea mwendo ule ule. Wao hawatajwi hata pale Susi na Chuma wanapotajwa.

Njiani wengi waliugua. Katika kijiji kimoja ugomvi ukageuka vita, na watu wa msafara wakakiteka kijiji hicho. Hilo nalo si la kuficha. Waliipita kusini mwa ziwa Tanganyika, wakapanda Ufipa, na mwezi Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe, Tabora. Hapo wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Aliwashauri wamzike palepale. Walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Huko mbele, walipoona wenyeji hawataki maiti ipite katika nchi yao, walifanya hila: wakatengeneza mzigo wa uongo uliofanana na maiti, wakawatuma watu waurudishe nyuma kana kwamba wanakwenda kuuzika, na maiti yenyewe wakaifunga upya ikafanana na robota la nguo. Mwezi Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, baada ya miezi tisa tangu kifo.

Na shukrani ilikuwaje? Walilipwa mishahara yao wakaambiwa kwaheri. Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874, na kati ya wote waliombeba alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo, kwa nauli ya rafiki wa marehemu, James Young. Walikaa miezi kadhaa wakimsaidia Horace Waller kuandaa shajara za marehemu, maana wao ndio waliojua kila kijiji na kila mto uliotajwa mle. Chama cha Kifalme cha Jiografia kikawapa nishani. Nishani za wapagazi wengine zilitengenezwa, lakini zilipofika Unguja wengi wao walikuwa wameshatawanyika. Jiwe la kaburi la Westminster linataja mikono mwaminifu iliyomleta marehemu. Halisemi mikono hiyo ilikuwa ya nani.

MNYAPARA

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule huishia, na hapa ndipo swali la yule kijana linapoanzia. Chuma alirudi Unguja, akawa mnyapara.

Yafaa nieleze kazi hiyo, maana siku hizi neno mnyapara tunalisikia kwa mfungwa anayewasimamia wenzake. Zamani zile mnyapara alikuwa mkuu wa watu wa msafara. Yeye ndiye aliyechagua wapagazi na kuwajua tabia zao. Yeye ndiye aliyegawa mizigo, na mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka na sufuria yake. Aligawa posho kwa kipimo cha merikani au shanga, na alipaswa kujua ni shanga za rangi gani zinazopokelewa katika nchi iliyo mbele, kwani rangi isiyotakiwa ilikuwa sawa na noti bandia. Alikwenda mbele kwa watemi na machifu kuafikiana hongo, na hongo wakati ule haikuwa rushwa ya kificho kama leo, bali ushuru halali wa kupita. Usiku aliamua kesi, na asubuhi aliwainua watu waliochoka. Mzungu aliandika kitabu, na mnyapara alihakikisha kwamba anafika.

Kazi hiyo Chuma aliifanya kwanza kwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1875 alikuwa katika msafara wa Askofu Steere kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, chifu mkuu wa Wayao. Aliyetolewa katika nchi hizo akiwa mtumwa sasa alipita akiwa kiongozi.

NCHINI KWETU

Mwaka 1879 Chama cha Jiografia kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi ziwa Nyasa, na kutoka Nyasa hadi Tanganyika. Mnyapara alikuwa Chuma, na watu walikuwa kama 150. Waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei. Kabla ya Juni kwisha Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, karibu na Rufiji. Akabaki msaidizi wake, Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21 ambaye alikuwa hajawahi kuongoza msafara.

Thomson aliamua kuendelea, na ushujaa wake tuusifu. Lakini tujiulize: kijana mgeni wa miaka 21 aliwezaje kuwaongoza watu 150 kupita Uhehe hadi ziwa Nyasa? Jibu lilikuwa likitembea naye kila siku. Chuma alikuwa ameshaijua bara kwa miaka 13.

Mwezi Septemba walifika kaskazini mwa ziwa Nyasa. Kisha wakapanda milima wakaingia katika uwanda huu wa juu, nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga na Wamambwe, nchi yetu wenyewe. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambapo nyasi zimeungua, upepo unapeperusha vumbi, na vijito vimebaki uzi. Sisi tuliosoma hapa tunaijua Oktoba ya Tunduma. Mwanzoni mwa Novemba wakaliona ziwa Tanganyika. Huko Thomson alichukua watu 30 hivi kwenda kuuchunguza mto Lukuga, na msafara wote uliosalia akamwachia Chuma. Walirudi kwa njia ya Ufipa na Tabora, na Julai 1880 walikuwa pwani. Karibu wote walirudi wazima, na hakuna vita waliyopigana na wenyeji.

Mwaka 1881 Chuma alimwongoza tena Thomson, safari hii hadi Ruvuma, kumtafutia Sultani Barghash makaa ya mawe. Makaa ya kufaa hayakupatikana. Mwaka uliofuata kifua kikuu kilimlaza katika hospitali ya misheni, Unguja, na hapo akafariki akiwa na miaka thelathini na kitu tu. Susi aliishi hadi 1891.

JE, ALIWATUMIKIA WATAWALA?

Najua kijana mwerevu ataniuliza hivi: njia walizozipima Thomson na wenzake, je, hazikuwa njia za kuletea ukoloni? Ndiyo, zilikuwa. Mwaka 1881, kwa fedha za tajiri wa Glasgow aitwaye Stevenson, ilianza kujengwa barabara ya kuunganisha Nyasa na Tanganyika. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Waingereza walihakikisha kwamba barabara hiyo inabaki upande wao. Mpaka ukapita hapa. Ndugu wa ukoo mmoja wakalala Watanganyika na Wanyasalandi na Warodesia, na hadi leo tunavuka kwenda Nakonde kuzika jamaa zetu tukiwa na hati mkononi.

Chuma hakuuona mkataba huo. Simtetei, wala simhukumu. Nasema tu kwamba mtu aliyebeba historia anastahili kuulizwa maswali magumu kama anavyoulizwa aliyeiandika, na hatuwezi kumwuliza mtu tusiyemjua.

Nimalizie kwa jambo la kwetu. Kaka wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mwaka 1916, Waingereza walipoingia kupigana na Wajerumani katika nchi hii. Wapagazi wale waliitwa tengatenga. Hakurudi. Baba yangu alinitajia jina lake mara moja tu, jioni, akipukuchua mahindi, nami nilikuwa mtoto nikitamani kwenda kucheza. Sikulishika. Baba sasa ni marehemu, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza. Daftari nimejaza mengi juu ya Chuma wa Uyao, na la mtu wa damu yangu sina hata herufi moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa zamani, na ninyi vijana mlio madarasani leo, mji wetu huu unaishi kwa mizigo. Malori yanapanga foleni usiku na mchana kuelekea Zambia na Kongo, na wasukuma mikokoteni wanavuka jua likiwaka. Katika ukurasa wa historia ya shule yetu wametajwa wakuu wa shule wote kwa mpangilio. Hawajatajwa mafundi waliopanga matofali, wala mama aliyetupikia uji. Kabla hatujatawanyika baada ya mkutano huu, naomba kila mmoja wetu aandike majina anayoyakumbuka, ayakabidhi kwa katibu. Na nyumbani, mzee akitaja jina jioni, kijana aache mpira kidogo, achukue kalamu.