Tom Blake, yatima aliyeingiza kamera ndani ya mawimbi

Leo katika maisha ya watu waliojulikana tunakwenda mbali, mpaka kwenye visiwa vya Hawaii katikati ya bahari ya Pacific. Tutaongea juu ya Thomas Edward Blake, Tom kwa kifupi, Mmarekani ambaye karibu miaka mia moja iliyopita aliingia na kamera ndani ya mawimbi kupiga picha za watu wanaoteleza juu ya maji kwa ubao. Siku hizi picha za namna ile tunaziona kila siku kwenye simu na televizheni. Wakati wake, ni wachache sana waliofikiri kwamba kamera inaweza kuingia baharini na kutoka nzima.

Kwa yule ambaye hajaona mchezo huu, tueleze kidogo. Mtu analala kifudifudi juu ya ubao mrefu na kupiga makasia kwa mikono mpaka mbali na ufuko. Pale anangoja wimbi kubwa. Likikaribia, anageuza ubao kuelekea inchi kavu na kupiga mikono kwa nguvu zote, mpaka wimbi linamnyanyua na kumsukuma. Halafu anasimama wima na kuteleza nalo. Mchezo unaitwa surf, lakini wenyeji wa Hawaii waliujua kabla Mzungu wa kwanza hajafika kwao.

Mtoto asiyejua mama yake

Tom Blake hakuzaliwa karibu na bahari. Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tatu 1902 katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kaskazini ya Marekani, fasi ya baridi kali na maziwa makubwa. Alipokuwa na miezi 11 tu, mama yake alikufa kwa kifua kikuu. Baba hakuweza kumlea peke yake, ndipo mtoto alikabiziwa watu wa jamaa. Alikulia nyumba za watu, leo huku, kesho kule. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Washburn, mji mdogo kando ya ziwa Superior.

Mwaka 1918 mafua makali yaliyoua mamilioni ya watu duniani yalifika mpaka kule. Masomo yalifungwa, na Tom hakumaliza sekondari. Akiwa angali kijana alibeba vitu vyake na kuanza kutembea inchi yake, akifanya kazi yoyote aliyopata. Tangu pale mpaka uzee hakukaa sana fasi moja. Watu walioandika maisha yake wanaona kama kukosa mama na nyumba ndiko kulimfanya awe mtu wa safari, mpole, asiye na maneno mengi, anayependa kukaa peke yake.

Mkono wa Duke

Mwaka 1920, akiwa mji wa Detroit, aliingia sinema. Siku ile, pale mlangoni, alikutana na Duke Kahanamoku, mwogeleaji mweusi kidogo, mrefu, mwenyeji wa Hawaii, aliyekuwa anarudi kutoka michezo ya Olimpiki ya Anvers, Ubelgiji, ambako alishinda medali za zahabu. Tom alimwendea na kumsalimia. Duke alimpa mkono. Ilikuwa salamu ya dakika kidogo tu, lakini kijana yule alisema maisha yake yote kwamba mkono ule ulimvuta mpaka Hawaii.

Alikwenda kwanza Los Angeles, kando ya Pacific. Kule alijifunza kuogelea kwa nguvu, na mwaka 1922 alishinda mashindano makubwa ya Marekani ya maili 10, yaani kilometa 16, kule Philadelphia. Alifanya kazi ya kuokoa watu wanaozama majini, tena katika sinema alichukua fasi ya waigizaji pale palipokuwa na hatari. Mara ya kwanza kujaribu ubao, alianguka vibaya na kuuacha kwa muda. Mwaka 1924 alipanda meli kwenda Hawaii, na hapo ubao haukumtoka tena.

Ubao wa chifu Paki

Lazima tuseme kidogo juu ya hali aliyoikuta. Hawaii ilikuwa ufalme wenye wafalme na machifu wake. Magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliua watu wengi sana, wamisionari wakaupinga mchezo wa ubao, na mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa vile. Mchezo ulikaribia kupotea. Mwanzoni mwa karne ya 20, wenyeji sawa na Duke na ndugu zake waliurudisha kwa nguvu kwenye ufuko wa Waikiki, Honolulu.

Katika jumba la makumbusho la Bishop, pale pale Honolulu, kulikuwa mbao za zamani za chifu Abner Paki, aliyekufa mwaka 1855. Jumba lenyewe lilijengwa kwa ukumbusho wa binti yake, Bernice Pauahi Bishop. Zilikuwa mbao za aina inayoitwa olo, mbao za machifu, zenye urefu wa zaidi ya metre 4 na uzito wa zaidi ya kilo 60. Miaka mingi hakuna aliyezishugulikia. Tom aliomba ruhusa, akazisafisha na kuzitengeneza kwa mikono yake. Na alipokuwa anazisugua alikuwa anajiuliza namna gani wazee wale waliteleza juu ya mzigo mzito vile.

Alichonga ubao wake wenye umbo lile lile. Ili upungue uzito, alitoboa matundu mamia ndani yake, akauacha ukauke vizuri, kisha akafunika juu na chini kwa mbao nyembamba. Ubao ukawa na hewa ndani, ukaelea vizuri, ukakimbia. Baadaye aliacha matundu na kutengeneza ubao wenye mbavu ndani, sawa na bawa la ndege ya wakati ule. Mwaka 1928 alishinda mashindano ya kwanza ya mchezo huu kwenye pwani ya Pacific ya Marekani, kule Corona del Mar, California. Alishinda Honolulu pia, na baadhi ya washindani hawakufurahi hata kidogo. Waliona kama chombo chake si cha haki.

Mwaka 1932 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi wa ubao wenye uwazi ndani. Tusimame hapa kidogo. Umbo lilitoka kwa chifu Paki, mchezo ulitoka kwa wenyeji, na aliyemvuta mpaka kule alikuwa Duke. Lakini kwenye hati kuko jina moja tu, Blake. Kwa kweli kazi ya kuupunguzia ubao uzito ilikuwa yake, hakuiba jasho la mtu. Hata hivyo swali linabaki, na ni swali ambalo watu wengi duniani wanaouliza juu ya mali ya mababu wanalijua: mgeni anapotengeneza upya kitu cha wenyeji, sehemu ya wenyeji inaandikwa wapi?

Sanduku la mbao

Hapa ndipo kamera inaingia. Wakati ule picha za mchezo huu zilipigwa toka ufukweni, ao toka ndani ya mtumbwi. Ukiwa ufukweni unamwona mtu mdogo sawa na njiti ya kiberiti, povu limemficha nusu. Huoni namna anavyoweka miguu, huoni uso wake.

Mwaka 1929 Tom alinunua kamera ya Graflex, na aliyemuuzia ni Duke Kahanamoku mwenyewe. Ilikuwa kamera kubwa, filamu yake kipande kimoja kina upana wa sentimetre 10 na urefu wa karibu 13. Haikutengenezwa kwa maji hata kidogo. Tone la maji ya chumvi likiingia ndani, kazi imekwisha. Tom, fundi wa mbao, alifanya kile alichojua kufanya. Alijenga sanduku la mbao lisilopitisha maji, akaweka kioo mbele ya jicho la kamera, na njia ya kulifyatua toka nje. Kisha alilibeba juu ya ubao wake na kupiga mikono mpaka kule mawimbi yanapovunjika.

Fikirini kazi yenyewe. Unakaa juu ya ubao unaotikisika, mkononi una sanduku zito, na watu wanakuja mbele yako kwa mwendo wa kasi wakiwa wamesimama juu ya mbao zinazoweza kukuvunja mbavu. Hakuna kupiga picha mia na kuchagua moja. Ukikosea, wimbi limepita na watu wameenda. Lazima ujue mbele ya wakati wimbi litavunjikia wapi. Hiyo mtu haifundishwi na kamera, anaijua kwa sababu ameteleza mwenyewe mara maelfu. Tom aliweza kupiga picha zile juu alikuwa kwanza mmoja wa wale aliowapiga.

Mwaka 1931 gazeti moja kubwa la Los Angeles lilitoa picha zake kwenye ukurasa mzima. Mwezi wa tano 1935 gazeti la National Geographic, linalosomwa duniani, likatoa picha zake za Waikiki. Watu waliokuwa wanajua Hawaii kwa kadi za posta waliona sasa wimbi toka ndani, na wanaume wa Waikiki wakiwa karibu, nyuso na miguu yao inaonekana, watu wenye ufundi wao.

Mwaka ule ule wa 1935 alitoa kitabu chenye jina Hawaiian Surfboard, kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kilichoandikwa chote juu ya mchezo huu. Ndani yake alikusanya hadisi za zamani za visiwa, historia ya mbao za machifu, pamoja na picha. Pengine hapo ndipo alipojaribu kulipa deni. Kwenye hati ya serikali liko jina lake peke yake, lakini juu ya kitabu aliweka jina la Hawaii.

Mwaka ule tena alichukua kipande cha chuma toka chini ya boti iliyoachwa, akakifunga chini ya mkia wa ubao wake, sawa na pezi la samaki. Ubao uliacha kuteleza ovyo, ukaanza kutii miguu ya mtu. Leo karibu kila ubao wa surf duniani una pezi lile.

Waliomfuata

Picha za 1931 ziliangukia mikono ya kijana mmoja wa California aliyekuwa anasomea udaktari wa meno, John Ball, ambaye watu walimwita Doc. Alizikata katika gazeti na kuzitunza. Baadaye naye alijenga sanduku lake la maji, na mwaka 1946 akatoa kitabu cha picha cha California Surfriders. Toka kwa Ball kazi ilipita kwa rafiki yake LeRoy Grannis, na toka kwao ikafikia mamia ya wapiga picha wanaozunguka dunia leo, toka Indonesia mpaka Afrika ya Kusini, wakitafuta mawimbi.

Mbao zenye uwazi nazo zilipata kazi nyingine. Waokoaji wa majini waliona kama mtu akiwa na ubao mwepesi anamfikia anayezama haraka kuliko kwa kuogelea, tena anampa kitu cha kushika. Ziliingia kwenye fuko nyingi za Marekani. Kwa watu walioinuliwa majini na ubao ule, jina la aliyeutengeneza halikuwa na maana sana.

Wakati wa vita kuu ya pili Tom alitumika katika walinzi wa pwani wa Marekani. Feza nyingi hakupata. Aliwahi kuoa, lakini ndoa haikudumu, wala hakuacha mtoto. Alikula mboga na matunda, hakupenda nyama, na alitembea na vitu vichache. Mwaka 1955 aliondoka Hawaii. Waikiki ilikuwa imejaa hoteli na watu, na yeye hakupenda msongamano. Miaka iliyofuata alizunguka Marekani, mara nyingi akilala ndani ya gari lake. Aliandika pia juu ya imani yake, iliyokuwa fupi sana: kwamba asili na Mungu ni kitu kimoja. Maneno yale aliyachonga kwenye jiwe la mwamba kule Wisconsin.

Mwishowe alirudi kule kule alikolelewa, kando ya ziwa la baridi lisilo na Waikiki yoyote. Alikufa tarehe 5 mwezi wa tano 1994, akiwa na miaka 92.

Mbao za chifu Paki zingali katika jumba la Bishop, Honolulu. Mtoto aliyekulia nyumba za watu ndiye aliyezipangusa vumbi, akazibeba kwa mikono yake, na baada ya kuzielewa akajenga sanduku na kuingia nalo majini ili watu wengine nao waone.