Arthur Eddington na Nuru Iliyopinda

Arthur Eddington alizaliwa katika mji wa Kendal, nchi ya Uingereza, mwaka 1882. Alipokuwa bado mtoto mchanga baba yake alifariki, na mama yake akamlea yeye na dada yake kwa mali kidogo. Kijana huyu alipenda hesabu na nyota, akajifunza kwa bidii, hata mwaka 1913 akawa profesa wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza. Eddington alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, ambao hawakubali kumwua mwanadamu vitani. Siku zile mtu aliyekataa kuwa askari aliweza kutiwa gerezani, lakini Eddington hakuificha imani yake. Mwaka 1918 serikali ilimwachilia kwa sharti aendelee na kazi yake ya nyota.

Kazi hiyo ilikuwa nini? Mtaalamu Albert Einstein, aliyekaa Berlin, mji mkuu wa adui, alikuwa amefundisha kwamba nuru ya nyota ipitapo karibu na jua hupindwa na uvutano wa jua. Kwa hiyo nyota ingeonekana kana kwamba imesogea kutoka mahali pake. Kusogea huko ni kudogo mno, kama upana wa kidole utazamwapo toka mbali wa kilometa 2. Tena, kwa kanuni za kale za Newton, kungekuwa nusu yake tu. Lakini nyota zilizo karibu na jua hazionekani mchana, ila jua linapopatwa lote.

Basi mwaka 1919 Eddington na mwenzake Cottingham walisafiri kwa meli hadi kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika. Wengine walikwenda Sobral, nchi ya Brazili. Asubuhi ya tarehe 29 Mei mvua kubwa ilinyesha, na mawingu yakalifunika jua. Giza lilipoingia, walikuwa na dakika 5 tu. Eddington hakupata nafasi ya kutosha ya kutazama mbingu, maana alikuwa akibadili vioo vya picha. Walipiga picha 16. Katika nyingi nyota hazikuonekana vizuri kwa ajili ya mawingu, lakini mwishoni mawingu yalipungua, na vioo 2 vikaonyesha nyota za kutosha.

Akazilinganisha na picha za nyota zile zile zilizopigwa usiku huko Uingereza. Nyota zilikuwa zimesogea, karibu sawa na hesabu ya Einstein. Picha bora za Sobral zilishuhudia vivyo hivyo, na habari ikatangazwa London tarehe 6 Novemba 1919.

Eddington alifariki mwaka 1944. Alipopiga picha zile, mapatano ya amani kati ya Uingereza na Ujerumani yalikuwa hayajatiwa sahihi. Hata hivyo Mwingereza huyu alivuka bahari ili aipime kazi ya Mjerumani, naye alipoiona kuwa kweli, aliitangaza mbele ya watu wote.