Padre Allan MacDonald: Mchungaji wa Kisiwa cha Eriskay



Wapendwa wasomaji, kila mara inaposomwa orodha ya mapadre wapya na parokia walizopangiwa, huku seminarini huwa tunasikiliza kwa makini kuliko tunavyosikiliza somo lolote darasani. Ikitajwa parokia ya mjini, tunapiga makofi. Ikitajwa ya mbali, ile isiyofikika kwa gari wakati wa masika, tunapiga makofi pia, lakini tunatazamana. Hakuna anayesema neno, ila kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini.

Kwa sababu hiyo, safari hii tumeona tuwasimulie maisha ya Padre Allan MacDonald wa Uskoti. Alipelekwa visiwani, pembezoni kabisa mwa nchi yake, akakaa huko hadi kufa. Hakuwahi kuwa askofu wala mkuu wa seminari. Hata hivyo, miaka zaidi ya 100 baada ya kifo chake, jina lake bado linatajwa kwa heshima na Wakatoliki wa visiwa vile na kwa wataalamu wa lugha yao.

Kuzaliwa na masomo

Padre Allan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1859 katika mji wa Fort William, magharibi mwa Uskoti. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Mwaka 1871, akiwa bado mtoto, alipelekwa seminari ndogo ya Blairs, karibu na mji wa Aberdeen. Mwaka 1876 alivuka bahari kwenda Valladolid, Hispania, ambako Waskoti walikuwa na chuo cha kuwaandaa mapadre wao. Chuo hicho kilikuwa mabaki ya nyakati za dhuluma, pale ambapo kijana Mkatoliki hakuweza kusomea upadre ndani ya nchi yake mwenyewe. Mwaka 1882 Askofu Mkuu Charles Eyre alimpa daraja takatifu la upadre mjini Glasgow. Allan alikuwa na umri wa miaka 22.

Ili tuelewe alikopelekwa, inafaa tukumbuke historia kidogo. Mwaka 1560 Bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Papa na kupiga marufuku Misa. Imani Katoliki ikafifia karibu nchi nzima. Lakini katika baadhi ya visiwa vya Hebrides, kama Barra, South Uist na Eriskay, haikuzimika. Wafransisko kutoka Ireland waliwafikia watu wale katika karne ya 17. Baadaye Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alimtuma mwanashirika wake, Padre Dermot Duggan, ambaye alifia South Uist mwaka 1657. Kulikuwa na nyakati ndefu ambapo padre alionekana kwa nadra. Waliobaki kuilinda imani ni akina mama, wazee na wavuvi, kwa sala walizozijua kwa moyo katika lugha yao ya Kigaeli.

Mwaka 1878 Papa Leo XIII alirudisha majimbo ya Kanisa nchini Uskoti, na visiwa hivyo vikawa sehemu ya Jimbo la Argyll na Visiwa. Baba Askofu wa kwanza alikuwa Angus MacDonald. Ndiye aliyempokea padre kijana Allan na, mwaka 1884, akamtuma Daliburgh, kusini mwa kisiwa cha South Uist.

Miaka ya Daliburgh

Parokia ya Daliburgh ilikuwa kubwa na watu wake walikuwa maskini. Ardhi yote ilikuwa ya mwenye shamba mmoja. Mwaka 1838 kisiwa kilikuwa kimenunuliwa na Kanali John Gordon, na katika miaka iliyofuata familia nyingi ziliondolewa mashambani kupisha kondoo. Wengi walisafirishwa hadi Kanada. Wengine walisukumwa kwenye kisiwa kidogo cha Eriskay, chenye mawe mengi na udongo haba. Padre Allan alikuta watoto na wajukuu wa watu hao, na wengi walikuwa bado wanaogopa kusema kinyume cha msimamizi wa shamba.

Jambo jingine lililowaumiza lilikuwa shule. Walio wengi South Uist walikuwa Wakatoliki, lakini bodi ya shule ilikuwa mikononi mwa wengine, na watoto walifundishwa na walimu wasio wa imani yao. Sheria iliruhusu wanaolipa kodi kuichagua bodi hiyo. Padre Allan hakuishia kulalamika sakristia. Yeye na wenzake waliwahimiza watu wapige kura bila hofu, naye mwenyewe akaingia kwenye bodi. Taratibu walimu Wakatoliki wakaanza kuajiriwa. Katika miaka hiyohiyo, sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima wadogo wa Uskoti ulinzi wa kutofukuzwa ovyo kwenye mashamba yao, na mapadre wa visiwani walikuwa upande wa wananchi katika madai hayo.

Kazi za kila siku nazo zilimsubiri. Eriskay ilikuwa chini ya parokia yake, na kati ya visiwa hivyo viwili kuna mlangobahari. Habari ikija kwamba kuna mgonjwa mahututi, padre alitembea hadi ufukweni, akapanda mashua na kuvuka kumpelekea sakramenti, hata kama bahari imechafuka na ni usiku wa baridi. Sisi tunaojifunza liturujia tukiwa tumekaa vitini tunajua kueleza vizuri maana ya Mpako wa Wagonjwa. Yeye aliulipia kwa mwili wake. Baada ya takriban miaka 10 afya yake iliharibika kabisa, akiwa bado hajafikisha miaka 35. Hapo alipewa Eriskay peke yake, awe padre anayeishi humo.

Daftari za padre

Turudi nyuma kidogo. Padre Allan alikisikia Kigaeli tangu utoto, lakini masomo yake yalipita katika Kiingereza, Kilatini na Kihispania. Alipofika visiwani aligundua kwamba lugha ya waamini wake ilikuwa na kina kuliko alichokuwa nacho yeye. Padre mzee mstaafu, Alexander Campbell, aliyekuwa akiishi Daliburgh, alimfungulia mlango wa hazina hiyo. Kuanzia mwaka 1887 Padre Allan akaanza kuandika katika daftari yale aliyoyasikia majumbani: maneno na misemo, majina ya mimea na ya upepo, nyimbo za kazi, hadithi za mashujaa wa kale, na sala.

Aliandika, kwa mfano, jinsi akina mama walivyofukia makaa kwa majivu kabla ya kulala ili moto usizimike hadi asubuhi, huku wakilitaja Fumbo la Utatu Mtakatifu. Wengi wetu tumewaona bibi zetu wakifukia makaa namna hiyohiyo. Aliandika pia habari za mizimu, za watu walioona vifo kabla havijatokea, na za viumbe vya baharini.

Hapa sisi wanafunzi wa falsafa tulisimama na kubishana kidogo. Je, padre anafanya vizuri kuhifadhi mambo ambayo Kanisa haliyafundishi? Wengine wetu walisema angepaswa kuyakemea kwanza. Lakini tukiangalia maisha yake, hatuoni padre aliyechanganya imani na ushirikina. Tunaona mchungaji aliyetaka kujua watu wake wanaogopa nini na wanatumaini nini. Kwa kuwa hakuwacheka, walimweleza. Na katika masimulizi hayohayo alikuta sala zilizoibeba imani tangu enzi ambazo padre hakuwepo. Angeharakisha kukemea, huenda hata hizo asingezisikia.

Alichojifunza alikirudisha kwa waamini. Mwaka 1893 kilichapwa kitabu chake cha nyimbo za ibada kwa Kigaeli: nyingine alizikusanya, nyingine alizitafsiri, nyingine alizitunga mwenyewe. Watu wakapata kumwimbia Mungu kanisani kwa lugha waliyoitumia jikoni na baharini. Alikuwa pia mshairi, na shairi lake la kukisifu kisiwa cha Eriskay, alilokiita humo Kisiwa cha Ujana, bado linajulikana. Tunashangaa kwamba aliyekipa kisiwa jina hilo ni mtu aliyefika kuishi huko akiwa mgonjwa.

Habari za daftari zake zilienea, na wageni wengi wakamfuata. Mmoja wao, Bi Ada Goodrich Freer, alikuwa akichunguza habari za watu wanaosemekana kuona yajayo. Padre Allan alimfungulia daftari zake kwa ukarimu. Bibi huyo alitoa makala na kitabu, akitumia kazi ya padre kana kwamba sehemu kubwa ni matunda ya utafiti wake mwenyewe. Ukweli wa jambo hilo uliwekwa wazi na watafiti mwaka 1968, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo cha padre. Tukiwaza jinsi tunavyogombea jina letu liandikwe kwenye ratiba au kwenye shukrani za mwisho wa sherehe, habari hii inatuchoma.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli

Eriskay ilikuwa na watu zaidi ya 400, karibu wote Wakatoliki na wengi wao wavuvi. Kanisa lao la zamani lilikuwa dogo na limechakaa. Padre Allan alitaka wapate nyumba ya Mungu inayofaa, lakini fedha zingetoka wapi? Wavuvi walikubaliana kutoa mapato ya usiku mmoja wa uvuvi. Inasimuliwa kwamba usiku ule nyavu zilijaa kuliko kawaida, na mauzo yakafika kama pauni 200, ambazo wakati huo zilikuwa fedha nyingi sana kwa watu wa hali yao. Wenyeji wenyewe walitafuta mawe na kubeba mchanga, na kanisa likasimama juu ya kilima kinachotazama bahari.

Tarehe 7 Mei 1903 Baba Askofu George Smith alilitabaruku kwa heshima ya Malaika Mkuu Mikaeli. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Watu wa visiwa vile tangu zamani walimheshimu Mtakatifu Mikaeli kama mlinzi wa mabaharia, na katika sikukuu yake, tarehe 29 Septemba, walioka mkate maalumu na kushindana kwa farasi. Padre aliyezijua mila zao alijua pia ni nani wangependa awe msimamizi wao.

Kanisa hilo lipo hadi leo. Baadaye altare yake iliwekwa juu ya sehemu ya mbele ya boti ya kuokolea watu ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Hermes, na nje kuna kengele iliyotoka kwenye meli ya kivita ya Ujerumani, Derfflinger. Vyombo vya vita vimepata kazi nyingine pale. Mwaka 2001 barabara ilijengwa juu ya maji kuunganisha Eriskay na South Uist, kwa hiyo paroko wa leo anavuka kwa gari pale ambapo Padre Allan alivuka kwa mashua.

Mwisho wake

Padre Allan alilitumia kanisa lake jipya kwa muda wa miaka miwili na miezi michache tu. Mwanzoni mwa Oktoba 1905 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, na tarehe 8 ya mwezi huo akafariki dunia. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa hapohapo Eriskay, kati ya wale aliowabatiza na kuwazika. Daftari zake zilitawanyika, nyingine zikaingia kwenye maktaba za vyuo vikuu. Msomi John Lorne Campbell alizifuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 1958 akachapisha mkusanyo wa maneno ya Kigaeli aliyoyaandika padre.

Wapendwa wasomaji, baada ya kusoma maisha haya tuliulizana swali moja bwenini: nani kati yetu anaweza kusali sala nzima kwa lugha ya bibi yake? Tulikuwa saba, na walioweza walikuwa wawili. Tunasoma kwa Kiingereza, tunaongea Kiswahili, na likizo tunakwenda nyumbani kuwasalimia wazee kwa maneno machache tuliyobaki nayo. Kisha tunatarajia siku moja watutume kwa wazee kama hao, tuwasikilize wakiwa katika saa yao ya mwisho.

Hatujui tutapangiwa wapi. Lakini likizo hii inayokuja tumekubaliana kila mmoja aende na daftari, aketi na mzee mmoja wa nyumbani kwao, aandike sala atakazosikia. Nanyi waamini mlioko parokiani, frateri wenu akija kuwauliza maswali ya namna hiyo, tafadhali mvumilieni. Na orodha ya parokia itakaposomwa tena, tuwaombee wale wanaopelekwa mbali, wapate moyo wa kupapenda.

Raha ya milele umpe Padre Allan, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.