Squire Whipple: Mhandisi aliyekomesha kubahatisha katika ujenzi wa madaraja

MWAKA wa 1847 kilichapishwa mjini Utica, jimbo la New York nchini Marekani, kitabu kidogo kuhusu ujenzi wa madaraja ambacho hakikuvuma. Mwandishi wake, Squire Whipple, hakuwa profesa wala tajiri. Alikuwa mhandisi aliyetengeneza vifaa vya kupimia ardhi kila alipokosa kazi. Hata hivyo, kitabu hicho kilijibu swali lililowatatiza wajenzi tangu jadi: kila kipande cha daraja hubeba mzigo kiasi gani?

Whipple alizaliwa Septemba 16, 1804, katika mji wa Hardwick, Massachusetts. Babake alikuwa mkulima aliyewahi kuendesha kiwanda kidogo cha kusokota pamba, na mwaka wa 1817 aliihamishia jamaa yake New York. Kijana huyo alihitimu katika chuo cha Union mjini Schenectady mwaka wa 1830, kisha akafanya kazi ya upimaji katika reli na katika mfereji wa Erie.

Mfereji huo, uliofunguliwa mwaka wa 1825, ulikatiza mashamba na barabara nyingi, na kila penye barabara palihitaji daraja. Madaraja ya mbao yalioza upesi. Mwaka wa 1841 Whipple alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa daraja la chuma lenye umbo la upinde. Sehemu za juu, zinazogandamizwa, alizitengeneza kwa chuma cha kusubu. Za chini, zinazovutwa, kwa chuma cha kufua. Kila aina ya chuma iliwekwa pale inapohimili zaidi.

Lakini uvumbuzi wake mkubwa zaidi haukuwa wa chuma bali wa hesabu. Hadi wakati huo, wajenzi wengi walitegemea mazoea. Daraja lililosimama liliigwa. Lililoanguka liliongezewa mbao. Whipple aliona kwamba vipande vikiunganishwa kwa pini inayoviruhusu kugeuka, na mzigo ukiwekwa kwenye viungo pekee, kila kipande huwa na kazi moja tu: ama kinavutwa, ama kinagandamizwa. Na kwa kuwa kiungo kimetulia tuli, nguvu zote zinazokutana hapo lazima zifutane.

Chukua mfano wa kenchi ya pembetatu iliyobeba tani 2 kileleni, pau zake mbili zikiwa zimeinama nyuzi 45. Kila ukuta hupokea tani 1. Ukianzia kwenye kiungo kilicho juu ya ukuta, utaona kwamba ili pau iweze kusukuma chini kwa tani 1, sharti igandamizwe kwa takriban tani 1.4. Pau hiyo pia husukuma kando kwa tani 1, na boriti ya chini huizuia kwa kuvutwa kwa kiasi hichohicho. Daraja la vipande vingi hukokotolewa vivyo hivyo, kiungo baada ya kiungo. Katika miaka hiyo hiyo, mhandisi Zhuravsky wa Urusi alifikia njia kama hiyo bila ya wawili hao kujuana.

Whipple alithibitisha nadharia yake kwa vitendo. Mwaka wa 1853 alijenga karibu na mji wa Troy daraja la reli lenye urefu wa futi 146. Hata hivyo, wajenzi wengi waliiga madaraja yake bila kumlipa, na wengine wakaendelea kubahatisha. Gharama ya kubahatisha ilionekana usiku wa Desemba 29, 1876, daraja la reli la chuma lilipoporomoka huko Ashtabula, Ohio. Watu wapatao 92 waliangamia. Uchunguzi ulilaumu jinsi daraja hilo lilivyosanifiwa na kukaguliwa.

Uzeeni Whipple hakupumzika. Katika miaka ya 1870 alibuni daraja la kuinuliwa lililojengwa mjini Utica, na kitabu chake kilitolewa upya kikiwa kimepanuliwa. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilimpa uanachama wa heshima. Alifariki mjini Albany Machi 15, 1888, akiwa na umri wa miaka 83.

Daraja moja la muundo wake, lililojengwa mwaka wa 1867, lingali limesimama Albany. Lakini urithi wake mkubwa umo katika madaftari ya wanafunzi wa uhandisi kote duniani, ambao hufundishwa mapema kuchagua kiungo kimoja na kusawazisha nguvu zake. Abiria anayevuka daraja salama hana haja ya kulijua jina la Whipple. Inatosha kwamba aliyelijenga alipiga hesabu kwanza.